Boliti ya Nne

Jambo la kwanza lililokuwa na walakini ni kwamba Dada hakuingia ndani.

Mashine ya kufulia ilishushwa garini mchana kweupe, ikawekwa mlangoni, na Dada akabaki nje ya kizingiti ameushika waya wake wa umeme kama mtu aliyeshika kamba ya mbuzi. Wapagazi walitaka waingize mzigo wao waende zao, akawakatalia. Akamwita mdogo wake, aliyekuwa amekaa kwenye cherehani na pini mdomoni.

"Njoo upokee mwenyewe."

"Dada, si waingize tu? Mikono yangu ina mafuta."

"Hata kama. Zawadi yangu haipokelewi na wapagazi. Pokea kwa mkono wako, halafu useme."

"Niseme nini tena?"

"Useme umepokea."

Mshonaji alicheka, akajifuta mkono wa kulia kwenye gauni na kuupokea ule waya. "Haya, nimepokea! Nipige na magoti?"

Dada hakucheka. Alishusha pumzi ya mtu aliyetua ndoo ya maji kichwani, akasema ana haraka, kwamba amemwacha binti yake peke yake nyumbani na ndiyo kwanza anapata nafuu. Akaondoka bila kunywa hata maji.

Hapa ni lazima mjue Dada alikuwa nani kwa huyu mshonaji, maana msipojua mtaona ni habari ya mashine tu. Mama yao alifariki mshonaji akiwa bado na meno ya utoto. Dada ndiye aliyemchana nywele, aliyempikia, aliyemshika mkono wa kulia kila asubuhi kuvuka barabara kubwa kwenda shule, akiubana mpaka vidole vinauma. Mshonaji alipofiwa na mumewe, Dada alihamia kwake na godoro lake, akalala sakafuni kando ya kitanda cha mfiwa mpaka machozi yakaisha. Sasa mtu kama huyo akikwambia pokea, utaanza kumhoji?

Mashine yenyewe ilikuwa nzuri, hilo halina ubishi. Nyeupe, mlango wa mviringo mbele, na ingawa ilikuwa imekaa kwa Dada haina hata mkwaruzo. Na mshonaji alikuwa amechoka kufua kwa mikono. Mtu aliyeinamia cherehani kutwa nzima akiinuka hapo mgongo umeshakwisha, ndipo aanze kuinamia beseni. Aliiweka chumba cha nyuma karibu na bomba, akaijaza mashuka, akabonyeza. Ilianza kwa adabu, ikageuza maji taratibu. Ilipofika kwenye kukamua, nyumba nzima ikapata habari.

Kusema ilitetemeka ni kuipunguzia. Iliruka. Ilijigonga ukutani, ikajigeuza, ikatembea kutoka pembeni mpaka katikati ya chumba, waya ukakaza nyuma yake, nayo ikabaki pale inavuta. Sahani zililia kabatini. Jirani aligonga ukuta kuuliza kama wanabomoa nyumba.

Binti wa mshonaji, ambaye mtaa mzima ulimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukuwa na likizo, alipiga makofi kwa furaha.

"Mama, inataka kutoka!"

"Itoke iende wapi?"

"Kwa Mama Mkubwa. Husikii? Inamwita."

"Hebu acha upuuzi wako."

Lakini alipotulia na kusikiliza, ndani ya ule mgongano wa pipa mlikuwa na mapigo yanayojirudia, mazito mwanzoni na mepesi mwishoni, na ndiyo, mtu akitaka kusikia jina la Dada angelisikia. Akitaka. Mshonaji hakutaka.

Alifanya yote ambayo mtu angefanya. Alipunguza nguo. Alitenganisha mashuka yasijiviringe upande mmoja. Alikunja kipande cha boksi akakisokomeza chini ya mguu uliopwaya. Wapi! Kila ikifika kukamua inaanza safari yake, na kila safari inaelekea upande uleule, upande wa kwa Dada. Tena kulikuwa na harufu. Udi, na ndani ya udi nywele zilizoungua. Mteja mmoja alirudisha gauni lililofuliwa humo, akasema kwa heshima zote kwamba linanuka kama limevaliwa na mtu mwingine.

Akampigia Dada simu.

"Inatetemeka sana hii kitu. Kwako nako ilikuwa hivi?"

Dada alishusha sauti. "Inataja chochote?"

"Itaje? Mashine?"

"Namaanisha kelele. Inapiga kelele?"

"Kelele za kufa mtu! Nataka nimwite fundi."

"Usimwite fundi!" Dada alisema upesi mno. "Iache itetemeke, mdogo wangu. Itachoka yenyewe."

Mashine inachoka? Mshonaji aliona kuwa Dada, pamoja na wema wake wote, mitambo haijui, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akampuuza.

Fundi aliyekuja aliitwa Spana tu, mnene, mcheshi, anayezungumza na mashine kama anabembeleza mtoto. Aliweka pima maji juu yake, akazungusha miguu mpaka ikasimama sawa. Akaliminya pipa kwa kiganja kusikiliza springi. "Nzima kabisa," alisema, "sasa bibie unarukaruka nini?" Akaivuta kutoka ukutani, akachungulia mgongoni, akaangua kicheko.

"Mama, nani kakuletea hii?"

"Dada yangu."

"Basi dada yako kasahau kitu kidogo. Mashine ikisafirishwa, pipa hufungwa na boliti hizi nne lisicheze njiani. Ikifika, unazitoa. Usipozitoa pipa linataka kuzunguka na huku limefungwa. Wewe ukifungwa hivyo hutatetemeka?"

Alizifungua. Zilikuwa zimekazwa na mtu mwenye chuki, maana mpaka ya mwisho inatoka jasho lilikuwa linamdondoka puani. Badala ya mpira wake wa kawaida, kila boliti ilikuwa imevishwa pete ya ngozi iliyoshonwa kwa uzi mwekundu. Spana aliigeuza moja mkononi na kicheko kikamwisha. Akafuta vidole kwenye suruali.

"Mafundi wengine wana mambo yao," alisema. "Zitunze. Siku ukihama utazirudishia."

Boliti ya nne ilipotoka, tundu lake lilipumua. Hewa ya moto, yenye ile harufu, ilipita shavuni mwa mshonaji na pazia la mlangoni likainuka na kushuka. Spana alisema ni mvuke. Maji yalikuwa ya baridi, lakini mshonaji hakumbishia, kwa sababu mashine ilipowashwa ilikamua kimya kabisa, glasi ya maji iliyowekwa juu yake haikumwaga tone. Walishangilia wote watatu.

Siku hiyohiyo, jua likiwa bado kali, Chiriku alikatika katikati ya sentensi. Alikuwa anasimulia habari za mwalimu wao, mdomo ukabaki wazi, macho yakaelekea chumba cha nyuma, na asiseme tena. Kwa mtoto yule hilo peke yake lilitosha kumtia mama hofu.

Kisha akaanza kutetemeka.

Zahanati walimpima damu, wakaipima tena, hawakuona kitu. Hana homa. Si degedege. Mpeni maji mengi, walisema, apumzike. Mshonaji alimrudisha nyumbani mgongoni, akamlaza, akakaa kando yake akimtazama, na ndipo alipoligundua lile ambalo daktari hakuweza kuligundua kwa kuwa yeye hakuwa amekaa wiki nzima akiisikiliza ile mashine. Mtoto alikuwa anatetemeka kwa zamu: kwanza taratibu, kichwa kikienda kushoto, kikitulia, kikienda kulia, kisha kimya, macho yamefumbwa, unadhani amelala, halafu kutoka tumboni linaanza tetemeko jingine, dogo, la kasi, likipanda kifuani na mabegani na kwenye taya mpaka meno yanagongana, mpaka kitanda kinasogea, kidogokidogo, miguu yake ikikwaruza sakafu kuelekea mlangoni, na mama ameking'ang'ania kwa mikono miwili akisali sala zote anazozijua na nyingine anazitunga palepale, huku kule chumba cha nyuma mashine iliyochomolewa umeme imekaa kimya, na kioo cha mlango wake kimejaa ukungu, kana kwamba kuna mtu ndani alikihemea.

Alikwenda akaufuta ule ukungu kwa kiganja. Ulikuwa upande wa ndani.

Dada alikuja kumwona mgonjwa, na safari hii aliingia. Alisimama mlangoni mwa chumba, akamtazama Chiriku anavyokwenda kushoto na kulia, na machozi yakamtoka. Machozi ya kweli, msidhani aliigiza. Alikaa kwenye kiti cha cherehani, akajishika kichwa, kisha akaziona zile boliti kati ya vibiringi vya uzi.

"Nani kazitoa?"

Hakuuliza ni nini. Aliuliza nani kazitoa. Mshonaji alilisikia hilo wakati uleule, ila alikuwa hajalala, na mtoto alikuwa anaanza tena, hakuweza kulishika.

"Fundi. Kasema ulisahau."

"Ndiyo," Dada alijibu. Alikuwa amezikusanya boliti mapajani, anazipapasa moja moja. "Ndiyo, nilisahau."

Mshonaji alikwenda kuleta maji. Aliporudi, Dada alikuwa amekwisha simama, mkoba kwapani. Alimbusu mdogo wake kwenye paji la uso, akaondoka.

Aliyeleta msaada ni Spana. Alirudi mwenyewe bila kuitwa, hana mzaha tena, anasema tangu aguse zile pete za ngozi vidole vinamnuka udi hata akila. Alipomwona mtoto alirudi nyuma hatua. "Mama, nisamehe," alinong'ona, "niliona ule uzi mwekundu nikanyamaza. Kuna mtu namjua, nitamleta." Akaleta mganga: mtu mwembamba mwenye shati lililopigwa pasi na mafua makali, anapenga kamasi kila baada ya neno la tatu. Mganga aliokota boliti moja, akaiweka jichoni, akaguna.

"Hii kazi yangu."

"Yako?" mshonaji aliuliza.

"Mashine hii niliifunga kwa mama mmoja. Binti yake alikuwa anatetemeka hivihivi. Nikalitoa lile jini kwa mtoto, nikalitia kwenye pipa, nikalipigilia. Nikamwambia, kaa nalo. Litatetemeka, litapiga kelele, ndivyo linavyochoka. Likichoka kabisa nitakuja tukalifukie. Ila usilifungue, na usimpe mtu." Alipenga kamasi. "Maana linaweza kuhama. Linahama kwa ndugu wa tumbo moja tu, tena mpaka apokee kwa mkono wake na akiri kwa kinywa chake, na likifunguliwa humwingia mtoto wake. Nilimweleza ili ajihadhari."

Mshonaji alikaa chini sakafuni. Aliuona ule waya. Aliisikia sauti yake mwenyewe ikicheka, nipige na magoti? Kwa hiyo Dada alielezwa aepuke nini, akayachukua maelezo yale na kuyafuata moja baada ya jingine mpaka mlangoni kwake. Kilichomuuma zaidi ya hofu ni hicho, kwamba alikuwa ameaminiwa kuwa atapokea. Dada alijua hatauliza, kwa sababu Dada ndiye aliyemlea asiulize.

"Linaweza kurudishwa humo?" alinong'ona.

"Linaweza. Nipe boliti zote nne."

Zilikuwa tatu.

Walipekua meza, makopo ya vifungo, chini ya cherehani, kwenye vitambaa. Mshonaji ndiye aliyeacha kutafuta kwanza. Alichukua simu.

"Dada, nakuomba ile boliti."

"Boliti gani, mdogo wangu?"

"Mganga wako yuko hapa."

Upande wa pili alisikika binti wa Dada akiimba jikoni, mzima wa afya. Kisha Dada akaanza kusema kwa sauti ya chini, kama anayeogopa kusikiwa na kuta. "Hujui lilivyokuwa. Likifungwa linaniita. Mchana, usiku, ninapokula, jina langu, jina langu. Hata lilipofika kwako nilikuwa bado nalisikia. Tangu mlifungue limenyamaza. Nimelala, mdogo wangu. Nimelala usingizi. Mkilifunga tena litaniita tena, na siku moja litakuja kwa mwanangu."

"Na wangu je?"

Dada alilia. "Nisamehe," alisema, na simu ikakatika, na alipopiga tena haikupatikana.

Spana alimwaga boliti zote za mkoba wake sakafuni, achague inayoingia. Mganga alitikisa kichwa. Zile zilifungwa pamoja, alisema, nyingine yoyote ni chuma tu. Tundu la nne likibaki wazi jini litatokea hapohapo na kumrudia mtoto. Labda likute mtu pale, anayelipokea.

"Nani?"

"Mwenyewe uliyelipokea. Na mkono ni uleule."

"Mama, wa kulia ndio unaoshikia mkasi," Spana alisema. "Ndio unaotungia sindano. Utakula nini?"

"Funga dirisha," mshonaji alimjibu.

Waliziba mwanga kwa vitambaa vya wateja. Mganga alifukiza ubani, akaanza kusoma kwa ile sauti yake ya puani iliyokuwa inachekesha awali na sasa haikumchekesha mtu, Spana akakaza boliti ya kwanza na mtoto akanyooka kitandani, akakaza ya pili na mlango wa mviringo ukajifunga wenyewe kwa kishindo, akakaza ya tatu na ile harufu ikajaa chumba mpaka macho yakawatoka machozi, pipa likaanza kuzunguka bila umeme, kushoto, likatulia, kulia, kisha kasi, kasi zaidi, mashine inajigonga ukutani kama ilivyojigonga siku ile ya kwanza, na mshonaji amepiga magoti nyuma yake, kidole ndani ya lile tundu, ananong'ona, "Nimepokea, nimepokea, muache mwanangu, nimepokea," mpaka kitu chenye joto, chembamba kama uzi, kikamwingia chini ya ukucha na kupanda polepole mpaka kifundo cha mkono.

Mashine ikazimika. Katika ukimya ule sauti ndogo ilisikika kutoka chumba cha pili.

"Mama, halafu mwalimu akasema..."

Chiriku aliendelea na sentensi yake palepale alipoiachia. Mshonaji alilia kwa furaha mpaka akakosa pumzi, na alipotaka kujifuta machozi mkono wa kulia haukufika usoni. Ulikuwa unatetemeka.

Mashine ilichukuliwa ikafukiwa, ingawa ilikuwa tupu, mganga hakutaka ibaki juu ya ardhi. Cherehani ilifunikwa kwa shuka. Mshonaji alijaribu kutunga uzi, akajaribu tena, akaacha. Sasa anauza vifungo na zipu kwa washonaji wengine, Chiriku ndiye anayewahesabia wateja, tena kwa maneno mengi kuliko wanayohitaji. Mkono hauumi. Umelala tu mapajani, unatetemeka taratibu, unatulia, unatetemeka kwa kasi. Ukiuweka juu ya meza, vidole vinagonga mbao, pigo zito mwanzoni, jepesi mwishoni.

Dada alikuja baada ya muda. Alikuwa amenenepa kidogo. Alileta matunda, akamkumbatia Chiriku, akasema jinsi alivyokua, akaketi. Mshonaji alimkaribisha kwa heshima, hakupandisha sauti, hakutaja boliti. Mkono wake ulikuwa mezani kati yao, nao ulipomwona Dada ukaanza.

Dada aliusikiliza. Midomo ilimkauka. Alikuwa anasikia jina lake.

"Nishike, Dada," mshonaji alisema.

"Nini?"

"Mkono. Kama ulivyokuwa unanishika tukivuka barabara. Umenichosha huu, ushike kidogo utulie." Na alipoona macho ya Dada yanakwenda mlangoni, akaongeza kwa upole, "Usiogope. Huna haja ya kusema neno. Usiposema haliendi popote. Wewe unajua hilo kuliko mtu yeyote."

Na ilikuwa kweli. Dada alilijua sharti lile kabla ya wote. Kushika bila kukiri hakuhamishi kitu. Hapakuwa na hatari yoyote mezani pale, ila mkono wa mdogo wake.

Vidole viligonga, vikagonga. Chiriku alikuwa amenyamaza, anawatazama.

Dada aliinuka, akachukua mkoba wake. Mpaka alipofika mlangoni, mikono yake yote miwili ilikuwa nyuma ya mgongo.